Shangazi, binti yangu analia kila Jumamosi ya dansi

*Shikamoo shangazi. Nina watoto wawili hapa Nairobi. Binti yangu wa miaka saba yuko mwaka wa pili wa baleti. Siku hizi kila Jumamosi ni kilio, tangu ninapomfunga nywele hadi mlangoni mwa darasa, ingawa mwalimu anasema akishaingia anacheza vizuri. Tukirudi humwonyesha video nilizomchukua dirishani ili aone alipokosea. Mdogo wake wa kiume, miaka mitano, amezishika hatua zote kwa kutazama tu, naye anataka kujiunga. Baba yao, mtu wa Kakamega, anasema baleti ni ya wasichana. Ada nimeshalipa, onyesho ni Desemba, na nimemnunulia binti hata viatu vya kusimamia ncha za vidole ili apate moyo. Nimlazimishe au nimtoe?*
*Mama Wawili*

Marahaba mwanangu.

Hizo video ndizo zilizonishtua. Mtoto ametoka darasani, saa nzima anaambiwa nyoosha goti, shusha mabega, inua kidevu. Hiyo ni kazi ya mwalimu, na umemlipa aifanye. Sasa anaingia garini, hata chupa ya maji hajaifungua, darasa la pili linaanza, na safari hii mwalimu ni mama ambaye hajawahi kushika ile fimbo ya ukutani wanayojishikiza wachezaji wa baleti. Mimi nami ningelia.

Mwalimu amekwambia akiingia anacheza vizuri, kwa hiyo usiisingizie dansi. Kinachomliza kiko kabla na baada yake. Nywele msuke Ijumaa jioni, matuta ya kurudi nyuma, Jumamosi iwe ni kukusanya ncha tu kisogoni. Simu ibaki mkobani. Garini mwulize anataka kula nini. Akitaka kusimulia ya darasani atasimulia, asipotaka, yasikuume.

Onyesho alimalize, kwa sababu ngoma ya watoto hupangwa kwa nafasi na wenzake wamezoea awe pale pale. Lakini mwambie leo, si Desemba, kwamba likipita ataamua mwenyewe. Akisema basi, iwe basi, na ada usiitaje. Ukianza kumhesabia pesa, umemfanya mdeni akiwa gredi ya pili. Ila akikwambia anaumia, au kuna mtu anayemkandamiza miguu ili itanuke kwa nguvu, mtoe siku hiyo hiyo, onyesho au hakuna onyesho.

Kwa baba yao, usianzie Ufaransa. Anzia Kakamega. Isukuti, ngoma ya jadi ya Waisukha na Waidakho wa huko huko, wanaopiga ngoma zile ni wanaume, tena wanacheza huku wanapiga, arusini na matangani, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hakuna aliyewahi kuwauliza wajomba zake kwa nini wanatikisa mabega. Akishacheka, ndipo umwambie kwamba mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alicheza baleti mwenyewe mbele ya watu na akaanzisha chuo cha dansi mwaka 1661, na kwamba kwenye jukwaa la Opera ya Paris wanawake wachezaji wa kulipwa hawakuonekana hadi 1681. Hapa hapa Nairobi, Joel Kioko alitoka mtaa wa mabanda akaenda kusomea baleti English National Ballet School, London.

Ingawa, tuseme kweli, sijaona mume aliyegeuzwa na tarehe. Jumamosi moja mwache awapeleke yeye, wewe ulale. Akae kwenye benchi lile amwone mwanawe akizirudia hatua za dada yake. Na wewe utakuwa mbali na dirisha, jambo ambalo nakiri nalitamani zaidi.

Mvulana akikubaliwa, asiingizwe darasa la dada yake. Wa miaka mitano wana darasa lao, la kupiga makofi, kutembea kama paka na kuruka kama chura. Halafu neno "ona mdogo wako anavyoweza" lisitoke mdomoni mwako, hata kwa mzaha. Dada akilisikia, hiyo Desemba hatafika.

Vile viatu rudisha dukani kabla hawajavichakaza. Huvaliwa mtoto akishatimiza miaka kumi na moja au kumi na mbili hivi, baada ya miaka kadhaa ya kuimarisha vifundo na mgongo, na mwalimu ndiye anayesema sasa. Mifupa ya mguu wa miaka saba bado ni laini mno kubeba mwili mzima kwenye ncha za vidole. Muuzaji akikataa, vifiche juu ya kabati, maana ukiviacha chini huyo mdogo atavijaribu.