Jibu: Pimeni silinda kabla ya kununua ringi

Mkuu, umeuliza kama wewe na mzee mnaweza kufunga ringi mpya za pistoni kwenye injini ya gari hapo nyumbani Moshi bila kupeleka bloku (mwili wa injini wenye silinda) kwa fundi wa kuchonga silinda. Pimeni kwanza. Silinda huliwa zaidi kwa juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Ikishapoteza uduara, ringi mpya haizibi vizuri, gari linaendelea kula oili na moshi wa bluu utauona mkipandisha Marangu. Kuchonga mwachieni mwenye mashine.

Mengine fanya na mzee, bahati hiyo wengi hatuna. Kofia za beringi (vifuniko vinavyobana beringi) kila moja irudi mahali pake na upande wake, msichanganye hata moja! Boliti za hedi (kifuniko cha juu ya silinda) kazeni kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Vipimo vimo kwenye kitabu cha injini yenyewe.