Maswali ya Wasomaji: Farasi wa Dresaji kwa Binti Mwenye Umbo Dogo

SWALI: Ndugu Mshauri, shikamoo. Mimi ni mama, mkazi wa Kisasa, Dodoma. Binti yangu ana umri wa miaka 15, urefu wa sentimita 150 na uzito wa kilo 41, na kwa ukoo wetu sitarajii arefuke sana. Kwa miaka mitatu amekuwa akijifunza kupanda farasi wakati wa likizo kwa shangazi yake mkoani Arusha, na sasa moyo wake wote uko kwenye dresaji, mchezo ule ambao farasi hutembea kwa mpangilio uwanjani akifuata ishara ndogo ndogo za mpandaji wake. Farasi anayemtumia ni wa kuazima, ana urefu wa sentimita 168, na kila akishuka binti hulalamika kwamba mapaja yanamuuma na kwamba farasi hamsikii. Mwalimu wake anasema avumilie, atazoea. Baba yake yuko tayari kumnunulia farasi wake mwenyewe, lakini tunaambiwa kwamba farasi mdogo ni wa watoto na hawezi kupata alama mbele ya waamuzi. Tutafute farasi wa namna gani, na tumtafute wapi?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na umpe pole binti. Malalamiko yake mawili, la mapaja na la farasi asiyesikia, yana chanzo kimoja, na kwa heshima zote kwa mwalimu wake, hilo si jambo la kuzoea.

Katika dresaji mpandaji huzungumza na farasi kwa mguu kabla ya mkono. Shavu la mguu linapaswa kulala ubavuni mwa farasi, chini kidogo ya pale tumbo lilipotanuka kuliko kwingine kote, ili mbano mdogo tu umwambie aongeze mwendo, apinde au asogee upande. Farasi wa sentimita 168 mara nyingi huwa na mbavu zilizotuna. Mguu mfupi ukilazwa juu yake huishia palepale penye tandiko, kidole kikielekea nje, na ishara yote humezwa na ngozi ya tandiko kabla haijamfikia mnyama. Ndipo mtoto anapoanza kubana kwa magoti na mapaja, na mkono nao unalazimika kufanya kazi ya mguu, yaani kuvuta hatamu. Farasi anayevutwa kinywa bila kusukumwa na mguu hukaza mgongo, na mgongo uliokazwa humrusha mpandaji juu zaidi.

Niliwahi kusimama kando ya uwanja nikimtazama msichana wa umbo kama la mwanao akiwa juu ya farasi mweusi mrefu, mnyama mzuri mno, mwenye hatua ndefu. Walipokuwa wakitembea kila kitu kilikuwa shwari. Walipoingia kwenye matiti, ule mwendo wa mapigo mawili, kila pigo lilimnyanyua msichana kutoka kwenye tandiko, na kila alipotua mikono yake ilishuka pamoja naye na lijamu likagonga ndani ya kinywa cha farasi. Baada ya mizunguko sita farasi alikuwa amefumbua kinywa na mkia wake ukipigapiga huku na huku. Wiki iliyofuata msichana yuleyule alipewa farasi jike wa rangi ya kahawia, wa sentimita 150, ambaye wapandaji wakubwa walikuwa wakimpita bila kumtazama, na kwa mara ya kwanza nikaiona mikono yake imetulia. Hakuwa amefundishwa kitu kipya katika wiki ile.

Kwa hiyo, ushauri wangu ni kwamba mtafute farasi mwenye urefu wa kati ya sentimita 148 na 155, akipimwa wima kutoka ardhini hadi kwenye kigongo kilicho kati ya mabega, pale shingo inapoishia. Kwa kipimo cha viganja ambacho wauzaji wengi hukitumia, kila kiganja kikiwa inchi 4, hapo ni kama viganja 14 na nusu hadi 15 na robo. Kuna sababu ya kutoshuka chini ya 148. Kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, mnyama asiyezidi sentimita 148 bila viatu ni poni, na mashindano ya poni ni ya vijana wa miaka 12 hadi 16. Mwanao ana 15, hivyo mlango huo utafungwa mapema, wakati daraja la vijana wa miaka 14 hadi 18, ambao hupanda farasi, ndilo litakalokuwa lake kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo, msiwe watumwa wa urefu. Farasi wawili wa sentimita 152 wanaweza kutofautiana kabisa, mmoja mwembamba kama swala na mwingine mpana kama pipa, na kwa binti mwenye miguu mifupi upana wa mbavu ni jambo kubwa kuliko urefu wa bega.

Wala wasiwatishe kwa habari ya alama. Mwamuzi hutoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila kipengele, akitazama utulivu, usahihi wa mistari na maduara, mapigo ya mwendo na utii wa mnyama, na hakuna safu ya urefu katika karatasi yake. Farasi weupe wa Lipizza wanaofanya sanaa hii katika ngazi yake ya juu kabisa kwenye Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi mjini Vienna ni wanyama wafupi walioshikamana, wengi wao wakiwa na urefu wa sentimita 150 na kitu. Nchini Marekani, mpandaji Lendon Gray alipanda hadi Grand Prix, ngazi ya juu kabisa ya dresaji, akiwa na Seldom Seen, mnyama wa viganja 14 na inchi 2 tu, mchanganyiko wa Konemara, poni wa asili ya Ayalandi, na farasi wa mbio. Ni kweli kwamba farasi mfupi hupata kazi pale anapotakiwa kurefusha hatua kukata uwanja kutoka kona hadi kona, lakini katika duara la mita 10, ambapo farasi mrefu hujipinda kwa shida, yeye huzunguka kwa raha. Mwanao akijua hivyo, atachota alama pale zilipo.

Kuhusu mahali pa kumpata, ninyi mlioko Dodoma mnajua kwamba punda wamejaa lakini farasi ni wa kuhesabu, kwa hiyo macho yenu yaelekee Arusha, Kilimanjaro, Dar es Salaam na hata ng'ambo ya mpaka, Nairobi. Konemara, Welshi Kobu wa Wales na poni wa Kijerumani wa kupanda ndio wanaosifiwa sana Ulaya kwa wapandaji wadogo, lakini kumleta mmoja wao kwa ndege ni gharama kubwa, na mnyama ambaye hajawahi kuishi Afrika huja bila kinga yoyote dhidi ya maradhi yetu. Mimi ningeanza na waliopo. Wapo farasi jike wadogo waliostaafu mbio katika uwanja wa Ngong mjini Nairobi, wapo wenye damu ya Kiarabu, ambao kwa kawaida hawazidi sentimita 155 na wana mbavu nyembamba, na wapo waliocheza polo, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo ndefu juu ya farasi. Hawa wa polo nawapenda kwa namna ya pekee, kwa sababu wengi ni wa kimo mnachokitaka, wamezoea kelele na husimama upesi. Kasoro yao ni kwamba wamefundishwa kugeuka kwa hatamu kuegemezwa shingoni, mpandaji akitumia mkono mmoja, na wengine huogopa mkono unaoshika kinywa kwa upole muda wote kama dresaji inavyodai. Kwa hiyo mchukueni tu yule ambaye tayari amefundishwa upya na mtu mzima kwa mwaka mmoja au miwili, msimwachie mtoto kazi hiyo.

Hapo naomba msilegeze. Msinunue farasi mchanga wa miaka 4 kwa matumaini kwamba atakua pamoja na binti. Mpandaji anayejifunza anahitaji farasi anayejua. Mwenye miaka 10 hadi 15, mwenye afya, bado ana miaka mingi ya kazi nyepesi, na kila mara binti atakapokosea ishara farasi huyo atamwonyesha kosa bila kumtupa.

Mkishampata wa kutazama, mwombeni mwenyewe ampande kwanza, kisha mtu mwingine, kisha binti. Binti akishakaa, atoe miguu kwenye vikuku, vile vyuma vya kukanyagia vya tandiko, na aiache ining'inie. Wewe, mama, simama ubavuni hatua kumi kutoka kwa farasi na utazame kisigino: kikishuka chini ya ukingo wa tandiko na shavu la mguu likagusa mbavu zenyewe, farasi huyo anaweza kumsikia. Kikiishia katikati ya tandiko, shukuruni na muondoke, hata kama bei ni ya kuvutia. Baada ya hapo aombe matiti kwa mbano mmoja mwepesi, asipige teke. Farasi akiitika ndani ya hatua mbili au tatu, anafaa. Akihitaji kupigwa mateke kila mzunguko, mapaja ya mwanao yataendelea kuuma kama yanavyouma sasa. Kisha tazama mikono yake wakati wa matiti, kwa sababu mikono inayotulia ni ushahidi kwamba mgongo wa farasi unambeba. Rudini siku nyingine bila kutoa taarifa ndefu, mkute farasi akiwa bado zizini, na binti amsugue, amwinue kwato na amtandike mwenyewe, kwani mnyama mpole uwanjani anaweza kuwa mkali anapofungwa mshipi wa tumbo. Huyu si mnyama wa kununuliwa asubuhi moja kama mbuzi wa mnada wa Msalato.

Uzito hautawasumbua, lakini ni vizuri kuhakikisha. Chukueni tepu ya fundi cherehani, mzungushe kifua nyuma ya miguu ya mbele, mpime pia urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisheni mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, mgawanye kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 165 na urefu wa 150 atakuwa na kilo 344 hivi. Binti pamoja na tandiko la kilo 8 ni kilo 49, yaani asilimia 14 ya uzito wa farasi, na wapandaji waangalifu hawapitishi asilimia 20. Kabla ya kulipa, leteni daktari wa mifugo mliyemchagua ninyi, asiwe wa muuzaji, asikilize moyo, apime macho, akunje kila mguu kwa dakika moja kisha farasi akimbizwe matiti mara moja kwenye ardhi ngumu, na azungushwe pia kwenye mchanga.

Kama mwenye farasi atakubali kuwakodisha kwa miezi mitatu kabla ya kuuza, kubalini haraka. Na kwa maoni yangu mwacheni farasi Arusha, karibu na mwalimu na saisi, yaani mtunza farasi, mzoefu, mpaka binti amalize shule. Dodoma ni zaidi ya kilomita 400 kutoka huko na mafundi wa kwato hawapatikani kirahisi, nao hutakiwa kila baada ya wiki sita hadi nane. Mkiamua kumleta nyumbani, hei ya Kongwa inaweza kumlisha, kwa kuwa farasi wa kilo 344 anahitaji takriban kilo 7 za majani makavu kwa siku. Hofu yangu kubwa ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao husambazwa na usubi na huua haraka. Punda huweza kubeba virusi vyake bila kuonekana kuugua, na mtaani kwenu punda hawakosekani. Achanjwe kabla ya mvua za Desemba, na tangu jua linapokaribia kuzama hadi asubuhi awe ndani ya banda lenye wavu. Akitoka Kenya, kibali cha kumwingiza kishughulikiwe mapema katika Wizara ya Mifugo na Uvuvi, ambayo kwa bahati ninyi mnayo hapo hapo Mtumba.

SWALI: Mshauri, mimi ni baba kutoka Singida. Mwanangu mdogo amepata farasi mfupi wa dresaji, lakini tandiko tulilopewa ni la mtu mzima. Je, tumwekee mto ili limtoshe, maana bado anakua?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Mto hunyanyua mtoto mbali zaidi na farasi, na tandiko kubwa humwacha akiteleza mbele na nyuma kila hatua. Mtoto mwembamba kwa kawaida hukaa vizuri kwenye kiti cha inchi 15 hadi 16, chenye mbawa fupi, yaani ngozi za ubavuni mwa tandiko, ili ukingo wake usimchome kwenye kiatu. Akikaa, nyuma yake ibaki nafasi ya upana wa kiganja chako. Lakini kabla ya kumpima mtoto, mpime farasi: liwekeni tandiko bila kitambaa, mshipi ukiwa umefungwa kidogo, kisha upitishe vidole vitatu kati ya tandiko na kigongo cha mabega. Visipopita, au ukiona mwanga katikati huku mbele na nyuma pamegandamiza, halimfai hata kama mtoto analipenda. Baada ya kazi, vueni na mtazame jasho mgongoni. Alama kavu ndogo katikati ya eneo lililolowa ni mahali panapobanwa, na hapo ndipo kidonda kitakapoanzia. Rudieni kutazama hivyo kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa farasi anayefanya kazi hii huota misuli na mgongo wake hubadilika kabla mtoto hajabadilika.