Malengo 17 yaliandikwa na serikali zenyewe

Unasema malengo 17 ya Umoja wa Mataifa yaliandikwa na wataalamu waliojifungia New York? Siyo, ndugu. Hadithi hiyo ni ya yale malengo 8 ya Milenia yaliyotangulia, yaliyokwisha 2015. Haya 17 ya Maendeleo Endelevu yalijadiliwa na serikali katika kikundi kazi kilichokaa kuanzia Machi 2013 hadi Julai 2014, viti 30 vikigawanwa na nchi 70 hivi. Wenyeviti wenza walikuwa balozi wetu wa Kenya, Macharia Kamau, na Csaba Kőrösi wa Hungary. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likayapitisha 25 Septemba 2015 na shabaha zake 169. Ndiyo sababu ni mengi, kila nchi ilivutia kwake.

Palipoharibika ni kwenye vipimo. Viashiria, yaani vipimo vya kuonyesha kama lengo linafikiwa, vilipitishwa Julai 2017, malengo yameshaanza kitambo. Chukua shabaha 14.b, inayotaka wavuvi wadogo wafikie bahari na soko, yaani hawa wetu wa ngalawa na mitumbwi. Kiashiria chake kinauliza kama nchi ina sheria na taasisi za kulinda haki hiyo na inazitekeleza kiasi gani. Kilo za samaki zinazoshuka pale Likoni, Mombasa, hakizihesabu. Nchi yaweza kupata alama nzuri na mvuvi akarudi na dema tupu.

Ila malengo haya hayafungi nchi kisheria. Suala la nini kifuate baada ya 2030, mwaka malengo haya yanapokwisha, limepangiwa kuangaliwa Septemba 2027 kwenye jukwaa la Umoja wa Mataifa, kwa hiyo mwenye hoja ya viashiria aipeleke wizarani kabla ya hapo.