Besi wa usiku: chagua chambo kwa masikio

Zamani sanduku langu la vyambo bandia lilifanana na meza ya muuza shanga. Kulikuwa na cha kijani chenye madoa, cha fedha, cha waridi, na kimoja kilichochorwa magamba kwa ustadi mpaka unatamani kukikaanga. Jua likizama nilikuwa nabadilisha rangi moja baada ya nyingine, nikiamini ipo moja tu ambayo besi, yule samaki mwindaji wa maji baridi, anaisubiri. Siku hizi nikienda kuvua jioni nabeba vyambo vinne vya kuelea, na viwili kati yake ni vyeusi tii. Tena sivichagui kwa macho. Navitupa karibu na miguu yangu, navivuta taratibu, nasikiliza vinasema nini.

Fikiria besi anapokaa. Yuko chini ya chambo, anatazama juu. Hizo rangi za mgongoni tulizozilipia hazioni kabisa. Anachokiona ni tumbo la chambo, na nyuma yake anga. Hata usiku usio na mwezi, anga bado lina mwanga kuliko maji, kwa hiyo kitu cheusi kinajichora vizuri na cheupe kinafifia. Mimi nililikataa jambo hili miaka mingi kwa sababu lilionekana kinyume na akili: giza, halafu nitupe kitu cheusi? Ndiyo, tupa cheusi.

Halafu kuna ule mstari wa pembeni, unaopita ubavuni mwa samaki kuanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani. Una viungo vya hisia vinavyopokea mtikisiko wa maji. Mwanga ukipungua, besi anautegemea sana kumwongoza mpaka karibu na windo, kisha macho yanamalizia. Ndiyo maana chambo kizuri cha usiku ni kile kinachotikisa maji bila kukatiza, kwa mdundo usiobadilika, ili anayekitafuta asikipoteze njiani.

Lakini usikimbilie usiku. Ile nusu saa ya machweo ina mambo yake, na mara nyingi ndiyo tamu kuliko zote, hasa msimu wa joto maji yakiwa yamevuka nyuzi 15 za Selsiasi na kuendelea. Besi waliokaa kwenye kina mchana kutwa husogea ukingoni, kwenye magugu na miti iliyolala majini, kwa sababu vidagaa nao wamesogea huko. Mwanga bado upo. Samaki anaona vizuri, na unaweza kumchezea.

Hapo natumia popa, kile chambo chenye mdomo uliobonyea ndani. Ukikivuta ghafla kinameza hewa na kutoa sauti kama mtu aliyechomoa kizibo. Kosa la wengi ni kukivuta tena na tena bila kupumzika. Mimi nakivuta mara moja, naacha viduara vya maji vitanuke mpaka vipotee, ndipo navuta tena. Samaki wangu wengi wa popa walikuja chambo kikiwa kimesimama tu, hakifanyi lolote. Maji yakiwa na mawimbi madogo ya upepo, fupisha mapumziko hayo, maana hakuna viduara vya kusubiri.

Chambo changu cha pili cha machweo ni Zara Spook ya kampuni ya Heddon, kirefu kama sigara, sentimita 11 na ushee. Hakina mdomo wala pangaboi. Ukikivuta tu kama ndoo ya kisimani kinakuja kama kijiti. Kinachokipa uhai ni kifundo cha mkono wako: unagutusha ncha ya ufito wa kuvulia kidogo, halafu unalegeza mshipi papo hapo, unagutusha, unalegeza. Kikipata ule ulegevu kinageuza pua kushoto, kisha kulia, kama mlevi anayetafuta mlango wake. Nilihangaika nacho karibu msimu mzima kwa sababu nilikuwa naukaza mshipi muda wote. Siku niliyoacha kukaza ndiyo siku kilipoanza kutembea.

Sasa, lini uache mchezo huo? Kipimo changu ni rahisi: nikitupa chambo mita 20 hivi na nisikione kinapotua, nabadilisha. Ule mwendo wa kuyumba uliokuwa mtamu dakika chache nyuma sasa unamchanganya samaki. Anarukia kulia, chambo kimekwenda kushoto. Utasikia maji yanapasuka mara tatu, mara nne, na ndoano inarudi tupu, halafu unawalaumu samaki kwamba hawana shabaha.

Giza likishika, mimi na Jitterbug. Ni chambo cha zamani, kilibuniwa na Mmarekani Fred Arbogast miaka ya 1930, na sura yake inachekesha: mbele kina bamba pana la chuma lililokunjwa kama vijiko viwili vilivyounganishwa. Bamba hilo linakiyumbisha huku na huku huku chenyewe kikija moja kwa moja, na maji yanalia glu-glu, glu-glu, glu-glu. Huhitaji ufundi wowote wa kifundo cha mkono. Kazi yako ni kuzungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, polepole, na ninaposema polepole namaanisha polepole kuliko unavyodhani. Punguza mwendo mpaka sauti ikatike, kisha ongeza kidogo tu irudi. Baki hapo. Mdundo ukipoteza mpangilio, ujue umeshika jani au umeanza kufikiria mambo mengine.

Chambo changu cha nne ni chura wa mpira mwenye tumbo lenye uwazi, ndoano zake mbili zimelala mgongoni. Huyu ni wa juu ya magugu mazito peke yake. Jitterbug yenye ndoano za meno matatu ukiipitisha pale utarudi na saladi. Vipo pia vile vya waya vyenye pangaboi linalokwaruza maji. Vinavua kweli, ila ukiacha kuvuta vinazama, na gizani mimi hupenda chambo kinachonisubiri nikifungua mafundo ya mshipi.

Na mafundo yatakuwepo. Mshipi wa florokaboni, aina ya plastiki nzito kuliko maji, huzama, na ukizama huvuta pua ya chambo chini na kuharibu sauti yote, kwa hiyo uache nyumbani. Nailoni ya kawaida huelea vya kutosha. Uzi wa kusuka nao huelea na una nguvu, lakini ni laini mno na hujizungusha kwenye ndoano za mbele. Naunga kipande cha nailoni nene, kama nusu mita, kati yake na chambo, na tatizo linapungua sana.

Nije kwenye aibu yangu. Usiku mmoja maji yalikuwa yametulia tuli, Jitterbug inalia vizuri, imebakiza mita tano hivi kunifikia. Ghafla, chubwi! Kama mtu ametupa tofali. Nikavuta ufito kwa nguvu zangu zote. Samaki alikuwa hajakishika chambo bado. Alikuwa amekisukuma tu kwa maji ya kichwa chake. Chambo kikaruka kutoka gizani, nikasikia kikipita hewani, kikagota kwenye ukingo wa kofia yangu sentimita chache juu ya jicho la kushoto. Nilikaa chini. Mikono ilitetemeka mpaka nikashindwa kushika koleo.

Tangu hapo navaa miwani ya plastiki isiyo na rangi hata kama hakuna anayenitazama, na nimekandamiza kwa koleo ule mwiba mdogo wa ndani kwenye kila ndoano, ili ikiniingia itoke. Lakini somo lenyewe liko kwenye sikio. Sauti inakuambia samaki amekuja, haikuambii amekishika. Ukisikia maji yamepasuka usifanye chochote, endelea kuzungusha rili kwa mwendo uleule. Ukihisi uzito mkononi, ndipo uinue ufito kwa utulivu. Akikosa, usisimame wala usikimbize. Mara nyingi hugeuka na kurudi kwa sababu kitu kile bado kinalia palepale alipokitarajia.

Ukihisi mguso mwepesi wa ajabu chambo kikiwa bado hewani, huyo ni popo. Huwafuata wadudu juu ya maji na mara mojamoja hugonga mshipi au hukikaribia chambo. Mara ya kwanza nilidhani nimevua jini.

Taa ya kichwani iwe na mwanga mwekundu, na ukiwasha geukia nchi kavu. Nimeona wavuvi wawili wakiangaza maji kila dakika kutazama chambo chao kimefika wapi, kisha wakashangaa kwamba kumekauka. Taa isiyozimika ni jambo jingine kabisa: gati lenye taa inayowaka usiku kucha hukusanya wadudu, wadudu huleta vidagaa, na besi hukaa pale kivuli kinapoanza. Pitisha chambo kwenye mpaka huo wa kivuli, usikitupe katikati ya mwanga.

Kuhusu mwezi, watu hubishana mpaka asubuhi. Mimi huangalia sauti tu: mbalamwezi na maji shwari, nachukua Jitterbug ndogo isiyopiga kelele nyingi; giza totoro au upepo, nachukua kubwa.

Na kazi ya mafundo naimaliza mapema. Naenda na nyuzi mbili tayari kwenye fito mbili: mmoja una popa, wa pili una Jitterbug nyeusi niliyoifunga jua likiwa bado juu, nikalijaribu fundo kwa kulivuta mara tatu. Chambo kikianza kunipotea machoni, naulaza ule ufito wa kwanza, nanyoosha mkono gizani na kuushika wa pili bila kuwasha taa.