Kilomita 200,000 sio mwisho wa gari
Ndugu umeuliza kama uuze gari kwa vile imefika kilomita 200,000, mi nasema usitishwe na hiyo namba, angalia imetunzwaje. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa fungua mfuniko wa rejeta uchungulie, ukikuta maji ya kahawia kama chai ya rangi ujue kuna kutu ndani, mtu alikuwa anajazia maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), na hiyo ndo inaziba rejeta pole pole mpaka siku injini inachemsha na gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba katikati ya kichwa cha injini na bloku) inaungua. Yangu niliikuta hivyo, tukaflashi, yaani tukaisafisha ndani kwa maji, mara tatu ndo maji yakatoka safi, na hadi leo haijachemsha tena. Cha pili muulize fundi kama ina mkanda wa taimingi au cheni (ndo vinavyofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio), maana mkanda una kilomita zake za kubadilishwa na ukikatika gari ikiwa inatembea, injini nyingi valvu zinagongana na pistoni, hapo ni hasara kubwa sana. Oili ya gia boksi pia jamani, watu wanasahau kabisa kuibadilisha!