Fomu ya PIP ilijazwa vibaya na usaili wa mama ni wiki ijayo

Pole dada yangu. Umesema ulimjazia mama fomu ya PIP (malipo ya serikali kwa wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu) huku Uingereza, ukaandika "anapika mwenyewe" na "anatembea vizuri", kumbe hata sufuria ya maji hawezi kuinua. Usiogope, ila usinyamaze. Wapigie leo DWP, idara ya serikali inayosimamia malipo hayo, kisha waandikie barua fupi: kipengele gani kilikosewa na ukweli ni upi. Andika jina lake na namba yake ya Bima ya Taifa kila ukurasa, ubaki na nakala.

Sisi tumelelewa kuitikia "sijambo" hata tukiwa hoi. Siku ya usaili hapana! Akiulizwa kama anapika, asiseme "ndiyo" akaishia hapo. Aeleze kwamba vidole vinakufa ganzi, kisu kinamponyoka, viazi viwili vinamchukua nusu saa na baadaye lazima alale. Wanaangalia kama anaweza jambo kwa usalama, kwa kiwango kinachofaa, kila linapohitajika na bila kuchukua muda kupita kiasi, tena kwa zaidi ya nusu ya siku zake. Wakihoji kwa nini fomu inasema vingine, ajibu waziwazi kwamba binti yake ndiye aliyejaza na alilielewa swali vibaya.

Kaa naye, inaruhusiwa. Mkalimani muombe sasa hivi, maana wewe ukitafsiri utamficha mama aibu bila kujua. Wakimnyima malipo, mna mwezi 1 tangu tarehe ya barua kuomba uamuzi uangaliwe upya.