Wadogo zangu wa Kikoni, kazi ya nusu saa haipo

Jana saa nne usiku, hapa Kikoni kando ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, nilimkuta jirani yangu wa mwaka wa kwanza akipiga pasi mashati saba. Kazi yake inakusanywa leo saa tatu asubuhi. "Kaka, natuliza akili kwanza," akaniambia. Nikacheka, halafu nikaudhika, maana mashati hayo niliyapiga pasi mimi miaka miwili iliyopita.

1. Semista ni wiki 17, na mbili za mwisho ni za mitihani. Toa wiki za kujiandikisha na kuhangaikia ada, kisha hesabu mwenyewe.

2. Anza na kazi yenye alama nyingi na tarehe ya karibu, siyo ile unayoipenda.

3. Kazi ya kikundi. Hapa mniache nikae kidogo. Tulikuwa sita, mimi kiongozi kwa sababu tu nilikuwa na laptopu. Wenzangu wakanitumia sehemu zao siku nane kabla. Kwangu ilibaki kuunganisha na kuweka jalada. Nusu saa, nikajiambia. Basi nikachora ratiba ya wiki kwa kalamu za rangi tatu, nikaibandika ukutani, nikashuka mtaa wa Wandegeya kula rolex, ile chapati ya kuviringa na mayai. Kesho yake mpira. Nani anaogopa nusu saa?

Usiku wa mwisho ndipo nikafungua mafaili. Wawili walikuwa wamejibu swali lilelile. Mmoja alituma picha za mwandiko wa mkono, zimefifia. Swali la nne halikuguswa na mtu. Saa saba umeme ukakatika, na betri ya laptopu yangu ilikuwa pambo. Asubuhi mvua, foleni stesheneri, boda hawaonekani. Nikafika, mlango wa mhadhiri umefungwa. Sote sita tukala sifuri, na wawili wakaangukia riteki, yaani kurudia somo. Mmoja wao ndiye aliyenitumia sehemu yake wa kwanza kabisa. Alikuja chumbani kwangu, akaitazama ile ratiba ya rangi, akatoka bila neno. Niliibandua siku hiyohiyo.

4. Faili lifungue siku unayolipokea, hata kwa dakika kumi, ulione lilivyo.

5. Simu mpe mtu wa chumba cha pili. Na chaja pia, nawajua.

Huyo wa mashati amekusanya ikiwa imebaki dakika tano, anatweta. Pasi yenyewe ni yangu, bwana, na nimeichukua. Ataipata tena akinionyesha kazi ya wiki ijayo.